Picha ya Mama Kwenye Skrini

Ofisa wa forodha alikuwa dada wa makamo, miwani imemshuka puani, na saa ilikuwa inakaribia tisa za usiku. Alifungua zipu ya begi langu la mgongoni, akatoa kompyuta mpakato, akainua kifuniko chake. Skrini ikawaka. Alikuwa marehemu mama yangu, ameketi kwenye mkeka chini ya mwembe wa nyumbani, ungo mapajani, anachambua mchele huku amekunja uso kwa sababu ya jua.

"Una shughuli gani wewe, kaka?"

"Mwandishi wa habari, dada. Kazi yetu bila kompyuta haiendi."

"Na huyu?"

"Mama. Alitangulia mwaka juzi."

Akaitazama tena ile picha. Kisha akafunga kifuniko taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. "Pole sana, kaka. Pita."

Nikapita. Nje, wakati nabishana na dereva wa teksi kuhusu nauli, nilijisikia vizuri kabisa, na si kwa sababu ya kuokoa hela. Nilijisikia vizuri kwa sababu sikuwa nimesema uongo hata neno moja. Mimi ni mwandishi wa habari kweli. Kazi yetu bila kompyuta kweli haiendi. Yule ni mama yangu, na kweli amefariki. Jambo moja tu sikulisema, na hakuuliza kwa maneno: ile kompyuta haikuwa yangu. Ilikuwa ya shemeji, mume wa dada yangu, mwenye nusu fremu Kariakoo, na siku tatu baadaye ingekuwa dukani inauzwa.

Hiyo ilikuwa Machi 2023. Nimeibeba habari hii muda mrefu kuliko nilivyoibeba ile mashine, na sasa naiweka hapa. Sitaki kujipiga kifua hadharani, hilo halinisaidii mimi wala wewe. Kuna swali ambalo limekataa kuondoka: je, mtu anaweza kudanganya kwa kusema kweli tupu? Na kama anaweza, je, huyo ni mwema kidogo kuliko mwongo wa kawaida, au ni mbaya zaidi?

Ngoja nieleze ilivyotokea, maana uovu wa aina hii una maandalizi mengi.

Ukitamka Dubai hapa Dar, hata kama unaenda semina ya siku nne na chakula cha hoteli, simu yako haitulii. Watu hawakuulizi unaenda kufanya nini. Wanakuuliza una kilo ngapi. Binamu anataka simu, jirani anataka saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo, mtu mliyesoma naye mkaachana 2009 anakumbuka ghafla kwamba mlikuwa marafiki. Wote niliwakwepa isipokuwa shemeji. Shemeji alisimama na sisi mama alipokuwa mgonjwa, na katika familia yetu deni la namna hiyo halina tarehe ya mwisho. Akanitumia hela kabla sijaondoka, na maelekezo juu yake: "Shem, ya kwako iache nyumbani. Mtu hatembei na mashine mbili."

Basi nikaenda semina ya waandishi wa habari bila kompyuta. Siku nne nimeandika kwa kalamu, wenzangu wananiangalia kama mtu aliyekuja harusini peku.

Siku ya tatu jioni nikashuka kituo cha metro cha Baniyas Square, Deira. Kama hujafika, usifikirie maghorofa ya kwenye matangazo. Deira ni Kariakoo yenye viyoyozi: maduka madogo ya simu na kompyuta yamebanana, mikokoteni inakatiza na maboksi, ofisi za kago ziko vichochoroni, na Kiswahili unakisikia bila kukitafuta. Mama wa Kitanzania anapima mzigo kwenye mizani ya chini. Kijana wa Mombasa anabishana bei kwa Kiarabu cha sokoni. Wauzaji wanakusoma usoni na kuanza, "Jambo! Tanzania? Kenya? Bei nzuri."

Niliyenunua kwake alikuwa Mhindi wa Kerala, mpole, aliyeniambia ameuzia Waafrika Mashariki miaka kumi na minne. Tukafika dirhamu 3,900. Kwa kuwa dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, hiyo ni kama dola 1,060. Alipochukua kitabu cha risiti akaniuliza, kalamu hewani, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama utakunywa chai na sukari: "Nikuandikie bei gani?"

Nilimwelewa. Angeweza kuandika dola 200, na mimi ningeionyesha Dar bila jasho. Nikamjibu, kwa fahari ambayo leo inanichekesha, kwamba aandike bei halisi. Mimi siandiki uongo. Akatabasamu, akaandika 3,900, kisha akanipa ushauri wa bure: fungua boksi kabla hujafika kwenu, washa mashine, weka picha ya mtoto. "Picha ya familia," alisema, "hakuna anayeuliza zaidi."

Sina mtoto. Nikawa na mama.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Dubai hutoza VAT ya asilimia 5, na mgeni anayeondoka na alichonunua anaruhusiwa kudai sehemu kubwa ya kodi hiyo arudishiwe uwanjani. Mimi nilidai. Nilifika mapema, nikapanga foleni, nikatoa ile risiti yenye bei ya kweli, nikaonyesha boksi ambalo bado limefungwa, nikathibitisha kwa maandishi kwamba bidhaa hii ni mpya na inaondoka nchini. Nikarudishiwa karibu dirhamu 150. Kisha nikatembea hatua kama thelathini, nikakaa kwenye benchi, nikachana nailoni, nikatoa mashine, nikakunja boksi na kulilaza chini ya nguo kwenye sanduku kubwa ili shemeji aje alikunjue, na ile risiti nikaichana vipande vinne.

Karatasi moja. Kwa serikali ya watu ilikuwa ushahidi. Kwa serikali yangu ilikuwa takataka.

Sheria yenyewe haikuwa siri kwangu, nimewahi kuiandikia makala. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humpa msafiri nafasi ya kutosha: vitu vyake binafsi visivyo vya kuuza havitozwi, na mwaka ule, mkazi aliyekaa nje zaidi ya saa 24 alikuwa na msamaha wa bidhaa za hadi dola 500 juu yake, mradi azitangaze. Kompyuta haina hata ushuru wa forodha, kiwango chake ni sifuri. Kinachobaki kikubwa ni VAT yetu, asilimia 18, ambayo kwa mashine ile ni kama dola 190, yaani zaidi ya laki nne za wakati ule. Mpaka wote uliokuwa kati yangu na hizo laki nne ulikuwa neno moja: yangu. Na neno hilo sikulitamka. Nilimwachia mama alitamke.

Nikiwasimulia watu, wengi hunicheka. Rafiki yangu mmoja wa chumba cha habari alisema, "Kodi wanalipa wasiojua kujieleza." Mwingine aliyekuwa hacheki aliniletea hoja nzito zaidi, na sitaki kuikimbia. Alinikumbusha kwamba mwaka 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili wananchi wapate unafuu, halafu 2022 ikairudisha kwa sababu unafuu haukumfikia aliyekusudiwa. Ulipoondolewa mzigo, mnunuzi hakuona. Uliporudishwa, mnunuzi ndiye aliyeambiwa abebe. Kwa nini basi, aliniuliza, mtu alie kwa sababu ya laki nne ambazo zingepotelea njiani kati ya mlango na meza?

Hoja hiyo ina nguvu. Aliyekuwa Kenya Novemba 2023, wakati mamlaka ya mapato ya huko ilipowakumbusha wasafiri kuhusu zile dola 500, anajua hasira iliyolipuka mitandaoni. Watu waliuliza kama sasa hata suruali ulizovaa zitapimwa. Mtu anayerudi nyumbani na begi lake hapendi kutazamwa kama mwizi, na ana haki ya kutopenda.

Ila hoja hiyo ingenisaidia kama ningekuwa nagoma. Anayegoma anataka asikiwe. Anasimama mbele ya meza anasema, mzigo huu ni wa biashara na kodi hii ni ya uonevu, fanyeni mtakavyo. Mimi nilichotaka ni nisisikiwe kabisa.

Nilimpelekea swali ustadh mmoja jirani yetu, mzee anayependa vitabu kuliko kahawa, na kahawa anaipenda sana. Alinieleza kwamba katika elimu yao jambo hili lina jina, tauria: kusema neno la kweli lenye njia mbili, ukikusudia hii huku msikilizaji akichukua ile. Wanazuoni wameliruhusu kwa mtu anayekimbia dhuluma, akasema, kama vile kumficha asiye na hatia asiuawe. Lakini halimhalalishii mtu kula haki ya mwenzake. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Wewe siku ile ulikuwa unamkimbia nani?"

Nilikaa na hilo swali wiki nzima. Nilikuwa namkimbia dada mwenye miwani aliyechoka.

Chuoni tulisomeshwa kuhusu Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, kama mtu asiyecheka katika suala la uongo. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akigonga mlango akauliza kama rafiki yako kajificha ndani, huna haki ya kumdanganya. Tulibishana darasani hadi sauti zikakauka. Kitu ambacho hatukuambiwa, nimekuja kukisoma mwenyewe baadaye, ni kwamba mzee huyo naye alikuwa na picha yake ya skrini. Mwaka 1794 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm II, alimkaripia kwa alichoandika kuhusu dini. Kant akaahidi kwamba yeye, kama raia mtiifu wa mfalme huyo, hatazungumzia tena dini hadharani. Mfalme alifariki 1797. Mwaka uliofuata Kant akachapisha kitabu kinachogusa dini, na humo akaeleza kwamba maneno yale aliyachagua kwa makusudi: aliahidi kama raia wa mfalme yule, na mfalme yule sasa hayupo, kwa hiyo ahadi imekwisha naye.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala. Mzee asiyemdanganya muuaji, lakini anajua kumpangia mfalme sentensi! Nilijisikia nimepata wakili. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu Kant alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Aliyemzungushia maneno alikuwa na jeshi, na alichokuwa anakilinda kilikuwa kalamu yake mwenyewe. Mimi niliyemzungushia alikuwa na kalamu tu, na nilichokilinda kilikuwa faida ya fremu.

Baba ndiye aliyenisogeza mbele zaidi, bila kukusudia.

Baba ana hadithi yake ya kitu kilichotoka ng'ambo. Miaka hiyo, kwa mtu wa bara, ng'ambo ilikuwa Zanzibar. Kisiwani walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati bara hatukuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Baba, karani wa kawaida anayekaa Magomeni, alinunua kwa baharia mmoja redio kaseti yenye spika mbili. Ikaja 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Watu walikamatwa kwa kukutwa na magendo na bidhaa za kulangua, na hofu ilivuka wafanyabiashara ikawafika watu wa kawaida. Wapo waliotupa mali zao usiku ili zisikutwe kwao. Baba alifunga redio yake kwenye nailoni akaizika ndani ya gunia la mkaa. Ilikaa humo miezi minne, na ilipotoka, anasema, ilikuwa inaongea kama mtu mwenye mafua. Mwaka uliofuata mambo yakageuka kabisa: bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo kazipata wapi. Redio ikarudi mezani, ikafunikwa kitambaa cha vitanzu.

Nikamwambia, basi baba, tuko sawa mimi na wewe. Na mimi nimepitisha changu.

Baba si mtu wa maneno. Alisema tu, "Redio ilikuwa yangu."

Nadhani hapo ndipo penye mwiba. Baba alipofichua mkaa ule mkononi mwa mgambo, kama mgambo angekuja, asingekuwa na jibu la kweli lenye pa kusimama. Kusema "ndiyo, ninayo redio, niliinunua kwa mshahara wangu" kungemfanya aitwe mhujumu. Palipozibwa kila jibu la kweli, sioni jinsi ya kumlaumu mtu kwa kunyamaza. Kwangu mimi jibu la kweli lilikuwa limeandaliwa kiti. Ningesema, "Dada, hii ni ya shemeji, ni ya kuuza, risiti hii hapa." Lingenigharimu hela na nusu saa. Hakuna aliyekuwa ananisubiri na pingu. Tofauti ya kumficha rafiki na kuficha VAT haiko kwenye ukubwa wa neno lililosemwa. Iko kwenye kile kilichokuwa kinakungoja kama ungesema kweli.

Na bado mtu atasema: sawa, ulikosea, lakini angalau hukudanganya. Hapa ndipo ninapotofautiana na mimi wa ile teksi. Naamini sasa kwamba ningesema uongo mtupu, "ndiyo, ni yangu", ningekuwa mtu mwenye nafuu. Uongo mtupu ungekuwa wangu. Ningeubeba, ungenikwaruza njiani, na yule dada angekuwa na kitu cha kunishikia: ulisema yako, mbona sasa inauzwa? Badala yake nilimpa vipande vya kweli nikamwacha aunge mwenyewe. Hitimisho ni lake. Nilimtumia akili yake na huruma yake dhidi ya kazi yake, halafu nikaondoka nikiwa msafi.

Usafi huo ndio unaonitisha. Mwongo anajua amedanganya, kwa hiyo ipo siku anaweza kuchoka. Aliyedanganya kwa kweli hana kitu cha kuchokea. Anarudia.

Nasema hivi kwa sababu nilirudia. Na hii sijawahi kumwambia mtu.

Mei 15 mwaka ule ule wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Walilalamikia kodi na kamatakamata, na Waziri Mkuu Majaliwa akaja kukutana nao Mnazi Mmoja. Nilikuwa huko siku zote hizo na kinasa sauti changu. Kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, Mtaa wa Aggrey, nilizungumza na mama mmoja anayeuza kompyuta. Aliongea kwa mpangilio kuliko wabunge wengi: pango la fremu, mzigo unaokaa bandarini, mashine ya EFD, mawinga wanaomletea wateja na kudai cha juu, maofisa wanaokuja wawili wawili. Mwisho, akiwa anajipepea na kipande cha boksi, akasema: wanaonimaliza si wenye makontena peke yao, mwanangu. Ni nyinyi wa mabegi. Mtu anapanda ndege mshahara analipwa, anarudi na mashine tatu, hana pango, hana leseni, anauza chini yangu laki mbili. Mimi nikishusha hivyo nakufa.

Alisema "nyinyi" kwa desturi tu ya mazungumzo. Hakunijua. Nilihisi masikio yangu yanawaka.

Jioni nikaandika habari. Nilimnukuu vizuri, kwa heshima, aya tatu nzima: pango, bandari, maofisa. Ile ya mabegi nikaiacha. Nilijiambia ni suala la nafasi. Mhariri hakuuliza. Habari ikatoka, ikasifiwa, na kila sentensi iliyokuwemo ilikuwa ya kweli. Msomaji aliyeisoma aliunga mwenyewe picha ya mama anayeonewa na serikali peke yake, na picha hiyo ilikuwa ya kweli kama mama yangu chini ya mwembe alivyokuwa wa kweli.

Yule mama wa Aggrey sikumrudia. Nilipita mara mbili, mara ya pili aliniona akaninyooshea mkono, akaniambia ile habari ameisoma na imemtendea haki. Nilimshukuru. Sijui ningesema nini kingine, au tuseme najua.

Kodi inaweza kulipwa hata baadaye, angalau kinadharia. Mwaka jana nilisafiri tena, nikarudi na kamera ya mtu wa ofisini, nikaenda mwenyewe kwenye meza nikasema ya nani na ya nini. Wakanikadiria, wakanipa namba ya kumbukumbu ya malipo, nikalipa kwa simu hapo hapo. Ukitaka kujua nilijisikiaje: nilijisikia mjinga. Watu niliokuwa nao kwenye ndege walinipita na mabegi yao huku wananiangalia kwa huruma. Hakuna malaika aliyeimba. Lakini hiyo ni hela, na hela ina mahali pa kurudishwa. Ile "pole sana, kaka" ya saa tisa usiku sijui irudishwe dirisha gani. Yule dada alinipa kitu ambacho hakikuwa cha serikali. Kilikuwa chake. Pengine naye ana mama kwenye skrini ya simu yake.

Imebaki habari ya ile mashine.

Shemeji alikunjua boksi, akaliunga kwa ustadi, akarudisha mashine ndani, akaivalisha nailoni mpya. Kwake ilikuwa mpya, na alikuwa na haki ya kuiita hivyo, imewashwa saa mbili tu tangu itoke kiwandani. Siku ya nne akanipigia simu, sauti juu.

"Shem, umeniharibia! Mteja kaleta hela kamili, kafungua boksi mbele yangu, kawasha, kakutana na bibi anachambua mchele! Kasema hii used, mnatuibia. Nimeapa mpaka nimechoka. Nimeshusha laki moja na nusu ndipo akachukua."

Nilikuwa nimesahau kuitoa. Katika maandalizi yote yale, kuchana nailoni, kukunja boksi, kuchana risiti, hilo la mwisho halikunijia kichwani. Ushahidi wangu uliendelea kutoa ushahidi baada ya kesi kwisha, na mteja wa watu akauamini kama alivyouamini ofisa.

Tulicheka, mimi na shemeji, tukacheka sana. Halafu usiku, nikiwa kitandani, nikafikiria kwamba mama yuko mahali fulani mjini kwenye mashine ya mtu nisiyemjua. Picha yenyewe ninayo kwenye simu, sikuipoteza. Nilichotaka kujua ni kitu kidogo tu, na nilikosa usingizi kwa ajili yake: kama yule mtu alimfuta palepale kwenye kaunta, au alifika naye nyumbani kwanza.

Asubuhi nikampigia shemeji nikamuuliza aliyenunua ni nani.

"Kijana tu, shem, mwanafunzi. Winga ndiye alimleta."

"Jina lake hukuandika popote?"

"Niandike wapi? Risiti sikumpa."